Honi Kabla ya Patasi

Munuki, Juba
3 Februari 2013

Kwako Shangazi Amer,

Natumai barua inakukuta mzima na cherehani yako haina kiu ya mafuta. Mimi ni mzima. Joto la hapa halina adabu, linaingia nyumbani bila hodi. Kazini wizarani bado ninapanga mafaili ambayo hayajapata kabati.

Najua simu unaiona kama nzi aliyeingia sikioni, hata jina langu hulisikii, ndiyo maana naandika. Fulgensio, Mganda mwenye duka mbele ya uwanja wetu, huenda Kampala kila mwezi kuchukua bidhaa. Ataitia posta huko.

Sasa jambo lenyewe. Gari la Baba lipo. Ile Peugeot ya pikapu iko pale pale alipoiacha vita vilipoanza, nyuma ya nyumba, na ndani wanakaa kuku ambao wanajiona wapangaji halali. Nimeleta fundi wa injini, akahangaika wiki mbili, ikawaka. Anasema injini ya Peugeot haifi, inanuna tu. Kilichokufa ni bodi. Sakafu imeliwa na kutu, chini ya milango kumebaki kumbukumbu, na tao la gurudumu la nyuma ukiliegemea linakuachia mkono upite.

Bodi nimeamua kuitengeneza mwenyewe, jioni na Jumamosi. Fulgensio ameniletea kompresa ndogo ya Kichina pamoja na sanduku la vifaa vya upepo: msumeno, mashine ya msasa na patasi. Ni vya rahisi, sitakudanganya. Kwenye sanduku wameandika kwamba ni vya mafundi mabingwa, na neno mabingwa wamelikosea herufi.

Usicheke. Baba alikupeleka stendi kwa gari hili ukakimbilia Kenya, akakwambia atakurudisha nyumbani kwa hili hili. Amelala makaburini Langalanga, hapo Nakuru, bila kutimiza. Nchi sasa ni yetu, na wewe umeapa hutarudi kwa basi wala kwa ndege. Nataka uingie Munuki na gari hilo kabla Krismasi haijapita.

Mwanao,
Dhieu


Nakuru
11 Machi 2013

Mwanangu Dhieu,

Barua yako imefika baada ya mwezi na zaidi, ina alama ya kikombe. Nadhani Fulgensio aliiwekea chai juu. Msalimie.

Huku tuko. Kwaya ya kanisa imenunua kinanda na tangu siku hiyo haijaimba vizuri. Nashona sare za shule. Watoto wa siku hizi wana mabega mapana na hawana shingo.

Mimi sikuapa. Nilisema tu, mbele ya Mungu na mbele ya watu, kwamba sitakanyaga Juba ila niwe nimetoka ndani ya gari la ndugu yangu Majak. Kama hicho ni kiapo, basi.

Unasema utakata bati. Bati ni kitambaa kikaidi, ukikosea halifumuki. Kata karatasi kwanza, ipachike pale palipotoboka, kisha acha ziada ya kukunja. Mtu anayekata kwa macho huvaa suruali fupi.

Una miaka thelathini na minne. Sisemi kitu, nimetaja tu umri.

Shangazi yako,
Amer


Munuki
28 Aprili 2013

Kwako Shangazi,

Salamu nyingi kama mbu wa msimu huu. Mvua imeanza, barabara yetu imekuwa mfereji na boda boda wanapita kama wavuvi. Fulgensio anakana ile alama ya kikombe.

Kazi inaendelea kwa mwendo wa kompresa. Tangi ni dogo. Msumeno wa upepo unakata urefu wa kidole, upepo unaisha, nangoja lijae, nakata kidole kingine. Jenereta nayo inalia muda wote kama iliyofiwa. Katika kungoja huko, jirani mmoja hapa uwanjani huniletea chai. Nimejifunza kutia tone la mafuta kwenye kila kifaa kabla ya kazi, na kumwaga maji ya tangi kila jioni, maana kwa unyevu wa hapa mashine ya msasa ilianza kutema mate kwenye bati nililokwisha kulisafisha. Karatasi nakata. Bati natoa kwenye mlango wa friji iliyokufa.

Tatizo ni patasi.

Patasi ya upepo ni kitu kidogo, unakishika kama bastola, ukibonyeza ulimi wake kinagonga haraka sana na kuchana bati. Mlio wake, Shangazi, ni ta-ta-ta-ta-ta. Jumamosi ya kwanza nilipokibonyeza, mtaa mzima wa Munuki ulilala chini. Fulgensio niligundua baadaye yuko chini ya magunia ya unga wa posho. Fortunato, fundi viatu wa kona, alilalia kiatu cha mteja na kukikunja. Mimi sikujua. Nilikuwa nimefurahi, kizingiti kilikuwa kinatoka vizuri.

Askari wawili wa Bilpam, makao ya jeshi, walifika na bunduki mbele. Mmoja aliniuliza kwa Kiarabu cha Juba, "De shunu?" Nikamwambia hiki ni kitu cha kukata bati. Akaniangalia, akaiangalia patasi, akaweka bunduki ukutani akasema na yeye ajaribu. Anaitwa Gai. Kabla sijamwonyesha pa kukata, alikuwa amepasua bawa la mbele la kushoto, lile bati la juu ya gurudumu, sehemu pekee ya gari ambayo haikuwa na kutu. Alifurahi sana. Akapewa chai na yeye.

Jioni mtaa ulifanya kikao. Wengine walitaka patasi itupwe mtoni. Ni Fortunato aliyeniokoa. Alisema, "Sikia, bwana. Kabla hujapiga hiyo kitu yako, piga honi. Tukisikia honi, tunajua ni Dhieu. Kama hakuna honi, basi tunajua ni ile ingine." Wakakubali wote. Honi ya Baba ilikuwa imekufa, nimefunga ya lori kutoka soko la Custom. Sasa kila nikitaka kutumia patasi napiga honi mara tatu, na watu wanaendelea na maisha yao.

Dhieu


Nakuru
2 Juni 2013

Mwanangu,

Nimesoma habari ya patasi mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hadi mteja akatoka nje. Mara ya pili sikucheka. Watu wanaolala chini haraka hivyo hawajapona.

Huku hakuna jipya. Mchungaji ameoza jino na anahubiri kwa ufupi, tunamshukuru Mungu.

Honi ibadilishe. Mara tatu ni ya gari la maji. Baba yako akija kwangu alikuwa anapiga mara mbili, moja fupi na moja ndefu, nami najua ni yeye, naweka sufuria. Piga mara mbili.

Pale unapounganisha bati jipya na la zamani usiliweke juu kama kiraka cha gunia. Nguo ya maana kiraka chake hakionekani. Tafuta namna ya kulikunja upindo mdogo ili lile lingine likae ndani yake.

Katika barua yako chai imeletwa na jirani. Askari amepewa chai. Haikusemwa na nani. Jirani huyu hana jina, au kalamu yako iliishiwa wino hapo tu?

Amer


Munuki
15 Septemba 2013

Kwako Shangazi,

Nisamehe kwa kimya. Mwezi wa saba wakubwa wote wa wizara waliondolewa kwa siku moja, na sisi wadogo tumekuwa tukipanga mafaili bila kujua ni ya nani. Watu wanaongea kwa sauti ya chini sasa. Mimi natia tone la mafuta, nafanya kazi.

Honi ni mara mbili, fupi na ndefu. Fortunato anasema hii ni bora, ina heshima.

Upindo upo! Fulgensio amerudi na kifaa kingine cha upepo, kina meno mawili, unapitisha ukingo wa bati katikati yake kinaukanyaga kidogo ukashuka ngazi. Bati la pili linakaa hapo, na baada ya kuchomelea na kupiga msasa huoni wapi moja linaishia. Nilikaa nikalipapasa hadi giza. Sijawahi kufanya kitu kikawa kizuri hivyo, na nilitamani uwe karibu ukikosoe.

Vizingiti vimekwisha, matao yamekwisha, milango imeshapakwa rangi ya kwanza ya kijivu. Tundu la Gai nimelifunga, lakini linaonekana, maana alipasua kwa moyo wote. Huja Jumamosi nyingine kulitazama. Imebaki sakafu upande wa abiria na rangi yenyewe. Desemba tarehe ishirini niko barabarani kuja kukuchukua.

Jirani anaitwa Nyawech. Anafundisha watoto wadogo shule ya kanisa. Alikulia Eldoret, Kiswahili chake kinakishinda changu, na Kinuer anakijua nusu kama mimi nijuavyo Kidinka. Ndiyo, ni Mnuer. Ningetaka uje ukae naye mezani. Sasa nimeandika, na barua naifunga gundi sasa hivi nisije nikabadili.

Dhieu


Nakuru
20 Oktoba 2013

Mwanangu Dhieu,

Habari ya upindo imenipendeza. Habari ya milango imenipendeza. Rangi iwe nyeupe kama ilivyokuwa.

Sanduku langu nimelipanga. Nimemwambia mwenye nyumba kwamba mwaka mpya utanikuta kwetu. Cherehani itapanda nyuma, uifunge kwa kamba mbili.

Jina ulilolitaja nimelisoma. Unajua kilichotupata Bor mwaka tisini na moja, unajua nani hawakutoka, na unajua waliofanya ni kina nani. Jina hilo sitaliandika, mkono wangu haupendi.

Kiti cha mbele ni changu. Alinikalisha pale Majak mwenyewe. Nakukumbusha tu usije ukakigawa.

Amer


Munuki
22 Desemba 2013

Shangazi,

Hii itakufikia kwa mkono, sijui kama ni kwa mkono wangu, kwa hiyo naandika. Sina salamu za kupamba.

Jumapili iliyopita watu wakijiandaa kulala, milio ilianza. Ta-ta-ta. Nilikuwa ndani, navua viatu. Nikasikia Fulgensio ukutani, "Wewe Dhieu, leo iko Sande! Na honi hapana piga!" Nikasikia wengine wananicheka. Nilisimama hapo na kiatu mkononi. Mtaa mzima haukulala chini, Shangazi. Mwezi wa nne walilala wote kwa patasi, na sasa bunduki zenyewe zilipokuja wakadhani ni mimi nimesahau.

Nilikimbia nje nikipiga kelele kwamba si mimi. Fortunato alikuwa ameshatoka kibarazani kuja kunigombeza. Risasi ilimpata hapo njiani, karibu na lango letu. Yeye ndiye aliyetunga sheria ya honi. Tumemzika nyuma ya kanisa. Mke wake hajaniambia neno baya hata moja, na hilo ndilo silivumilii.

Siku zilizofuata askari walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza watu majina kwa Kidinka, wakiwatafuta Wanuer. Sitakueleza niliyoyaona. Wewe ya Bor hukuniandikia, na mimi haya sitakuandikia. Nimekuelewa sasa. Nyawech tumemficha dukani, nyuma ya magunia ya posho yale yale. Njia ya kwenda kambi ya Umoja wa Mataifa imefungwa kwetu. Njia iliyobaki ni daraja, halafu Nimule, mpakani na Uganda. Waganda wanaondoka wote, na Fulgensio anaondoka nao.

Gari linatembea. Halina rangi, na upande wa abiria halina sakafu, nimeweka ubao. Kesho alfajiri tunatoka watatu, mimi, Nyawech na Fulgensio. Nyawech nimemkalisha kwenye kiti chako. Na jina lake haliwezi kuvuka daraja, kwa hiyo nimempa lako. Wakiuliza, ni Amer, wa nyumba ya Majak, amekulia Nakuru, Kidinka kimempotea.

Nilikwambia nitakurudisha nyumbani. Badala yake natumia gari lako kumtoa mtu. Naona uchungu, lakini sioni aibu.

Dhieu


Nakuru
4 Januari 2014

Mwanangu Dhieu,

Barua hii inakuja na sista mmoja wa misheni anayepeleka dawa Juba. Ana uso mkali, nadhani ataifikisha.

Kuna jambo sikuwa nimekuandikia. Sikio la kulia lilikufa zamani, hilo unalijua. La kushoto lilifuata mwezi wa nane. Sikutaka uharakishe kukata bati kwa sababu yangu.

Kwa hiyo tarehe ishirini na saba sikusikia kitu. Nilikuwa nakunja sare. Sahani kabatini zikatikisika, mara moja kidogo, halafu mara nyingine, kwa muda mrefu. Niliweka sufuria jikoni kabla sijajua ninachofanya. Halafu nikatoka.

Gari la Majak lilikuwa langoni, la kijivu kama punda. Aliyeshuka upande wa dereva hakuwa wewe. Alikuwa mtu mfupi ananiamkia kwa mikono miwili, nikajua ndiye wa alama ya kikombe. Nikazunguka upande wa pili nikitafuta uso wako. Palikuwa na msichana, miguu juu ya ubao, vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa ameiona barabara yote ya Nimule kupitia sakafuni.

Nilikasirika. Nakwambia ukweli. Nilikasirika kwamba yeye amefika na wewe hukufika. Nilisimama hapo sikumkaribisha, na sufuria ikachemka ikamwagika.

Msichana uliwahi kumwambia simu siisikii, naye kwa kuniona tu akajua na mengine. Alitoa chaki mfukoni. Mwalimu hata akikimbia vita hukimbia na chaki. Akaandika kwenye mlango wa gari, juu ya ile rangi yako ya kwanza, kwa herufi kubwa kama za watoto: DHIEU YU HAI.

Nikakaa chini pale pale, nikalia. Akanikalia kando, na yeye akalia. Fulgensio akaenda kuzima jiko.

Mengine yote ameniandikia mlangoni, anaandika, anafuta kwa kiganja, anaandika tena. Kwamba pale darajani askari walimulika ndani wakauliza, "De munu?" Ukajibu ni Amer. Mkubwa wao hakuamini, akasema aongee Kidinka. Ndipo akaja yule Gai. Akapapasa bawa la mbele pale alipopasua mwenyewe, akachungulia ndani, akamtazama msichana, akasema, "Huyu Amer namjua. Chai yake nimekunywa." Wakafungua. Lakini mkubwa akasema gari lipite, mwanamume wa Kidinka abaki, wanaume wetu hawaondoki. Ukashuka ukampa Fulgensio usukani kana kwamba mlikuwa mmepatana. Na kwamba siku ya tatu ya safari ulimpigia msichana simu ukasema uko nyumbani, uko salama, kompresa imeibwa lakini patasi ipo, simu ikakatika.

Patasi usiiguse, hata kwa honi. Waache watu wa mtaa kwanza.

Mke wa Fortunato mpelekee salamu zangu. Nenda mwenyewe, ukakae, usimweleze chochote. Hakuna la kueleza. Si wewe uliyepiga.

Fulgensio amekwenda kwao Masaka. Anasema vita vikipoa yeye atarudi, mtaa mzima una deni lake la posho. Nyawech yuko hapa. Nimemwambia jina langu anaweza kubaki nalo hadi atakapopenda kulirudisha. Mimi kwa upande wangu nimeondoka Juba kabla sijafika, jambo ambalo halijawahi kumtokea mtu yeyote wa ukoo wetu. Anashona vibaya. Chai anapika vizuri, nimeelewa kwa nini ulikuwa na subira na lile tangi.

Juu ya yale ya mwaka tisini na moja, bado siandiki. Lakini juzi alinionyesha kwa chaki majina ya watu wake ambao hajui waliko. Mlango ulijaa. Hakufuta, na mimi sikufuta. Bado yapo.

Kiapo changu nilikisema mbele ya watu na sikivunji. Nitaingia Munuki kwa gari la ndugu yangu au sitaingia. Sikusema lazima liendeshwe na nani. Nyawech analijua kidogo, kila jioni anazunguka nalo uwanja wa kanisa, nami naketi kando, mguu mmoja kwenye ubao. Sakafu usiwe na wasiwasi nayo, tutaishona huku, karatasi nimekwisha kuikata.

Ile siku itakapofika, sisi tutapiga honi mara mbili. Wewe fungua lango, uingie, tuende pamoja pale kanisani kwa Fortunato. Kiti cha mbele nimekipima kwa futi yangu, mara mbili, nisije nikakosea. Kinatosha watu watatu.

Shangazi yako,
Amer